Narudi kwenye uchoraji baada ya miaka 11: chuo tena, au nitafute wa kuninoa?

Mwanakona
Habari wakuu. Nina stashahada ya uchoraji, brashi sijaishika miaka 11. Niko Dar. Nimechora sura 3 kwa akriliki juu ya marekani niliyoitanguliza rangi nyeupe ya mafuta ya nyumba. Zote zinabanduka pembeni kama ganda la kitunguu, na ngozi inatoka rangi ya tope. Nina saa 1 kila usiku na Jumamosi nzima. Nipeni mwongozo.

Fundi_Fremu
Mkuu, kosa liko chini ya picha. Rangi ya mafuta ikikauka inateleza, akriliki ambayo ni ya maji haipati pa kung'ang'ania. Kinyume chake kinakubali: mafuta juu ya akriliki iliyokauka.

Vuta marekani mpya. Pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili upande unaoutazama, kisha pande mbili zilizobaki. Songa kidogo kidogo, pembe ziwe za mwisho. Ukianzia pembeni kitambaa kinafanya mawimbi. Kama jeso (rangi nyeupe ya kutanguliza kitambaa) ya dukani ni ghali: gundi nyeupe ya mbao sehemu 1, akriliki nyeupe 1, unga laini wa chaki 2, maji mpaka iwe kama uji mwepesi. Paka mikono 3 myembamba, msasa namba 220 kila ikikauka. Chaki ikizidi, picha ukiikunja inapasuka.

Bi_Rangi
Tope linatokana na kuchanganya rangi nyeusi. Iweke kando miezi 2 kabisa. Chukua nyeupe ya titaniamu, ultramarini (bluu nzito), okra ya njano (njano ya udongo), sienna iliyochomwa (kahawia nyekundu) na nyekundu ya kadimiamu, basi. Ultramarini na sienna zinakupa giza lenye uhai.

Kwa ngozi nyeusi anzia kwenye sienna, kivuli kisogeze kwenye bluu. Tazama paji la uso la mtu aliyekaa mlangoni: pale panapong'aa pana rangi ya anga, si nyeupe. Tia nyeupe yenye tone la bluu, padogo tu. Ukiitandaza, uso unakuwa wa majivu.

Na kwa joto la Dar, tandika sponji bichi kwenye kontena lenye mfuniko, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ichanganyie hapo, haitakauka mbio.

Mzee_wa_Studio
Chuo kina maana ukitaka shahada au kufundisha. Wewe kilicholala ni mkono na jicho, kwa hiyo tafuta mtu. Anzia Nafasi Art Space, Mikocheni, kuna studio za wasanii. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay ni shule nzuri ya kukaa ubavuni mwa fundi, ila jadi yao ni rangi ya kung'aa na wanyama. Sura za watu hutazipata sana.

Usimwendee mtu na "naomba unifundishe". Beba kazi 6, mbili ziwe zilizokushinda, na swali moja: "Kwa nini shavu hili limelala bapa?" Akikubali, patana malipo: saa 2 kila baada ya wiki mbili, kwa miezi 3. Akiwa anashika brashi yako na kukumalizia kila picha, tafuta mwingine.

Mwanakona
Shukrani sana. Zile marekani 3 nizipige msasa nizitumie tena?

Fundi_Fremu
Hapana, bakiza fremu tu. Mafuta yaliyopenya kwenye pamba isiyopakwa gundi kwanza huozesha nyuzi, baadaye zinakatika.