Oili ya sinthetiki au ya kawaida kwenye gari la mizigo la zamani? Tupeane uzoefu

Bonetiwazi (mwanzisha mada)
Wakuu, wenye magari ya mizigo ya zamani naomba tuambiane yaliyotukuta, siyo yaliyoandikwa kwenye galoni. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1996, injini lita 2.8, haina turbo, imepita kilomita 380,000. Tangu niinunue naweka oili ya kawaida ya 15W-40 (namba za uzito wa oili) na kumwaga kila kilomita 5,000. Inakula kama nusu lita kwa kilomita 1,000, na asubuhi ikiwaka inapuliza moshi wa bluu, halafu unakata. Jirani ananiambia nihamie sinthetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani, eti injini itarudi ujana. Fundi wangu anasema nikithubutu itavuja kila kona. Wote wawili wana uhakika uleule, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Sampu Kavu
Aliyevujiwa ni mimi hapa. Lori dogo, kilomita zaidi ya laki nne, na aliyenitangulia sijui alikuwa anamwaga oili lini, maana nilipofungua kifuniko cha kujazia nilikuta tope jeusi limeganda kama lami. Nikaona niiheshimu injini, nikaweka sinthetiki 5W-40. Wiki ya pili naona doa chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Mwezi haujaisha, doa limekuwa kidimbwi. Giaboksi likashushwa, sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili kuvuja pale mhimili mkuu wa injini unapotokea) ikatolewa: ngumu kama plastiki, ukiikunja inapasuka.

Nilikuwa tayari kuilaani oili mpaka fundi aliponionyesha mdomo wa sili umelika wote, na tope lilikuwa limejibana pale kama kizibo. Sinthetiki ilisafisha kizibo. Sili ilikufa kabla sijalinunua gari. Lakini niseme ukweli, bado inaniuma, kwa sababu ningebaki na oili ya zamani huenda ningepiga kazi miezi mingine kadhaa kabla ya kushusha giaboksi.

Fundi Mstaafu
Sampu Kavu kasimulia vizuri. Hofu hii haikuzuka tu. Sinthetiki za magari zilipoanza kuingia madukani miaka ya 1970, baadhi ya michanganyiko haikuelewana na mpira wa sili za wakati ule, magari yakavuja kweli, na habari ikabaki midomoni mwa mafundi hata baada ya watengenezaji kurekebisha. Za leo zimetiwa viambato vya kuufanya mpira usisinyae wala kuvimba kupita kiasi. Sili nzima haitaharibiwa na sinthetiki. Sili iliyokwisha haiponi, ingawa zile oili za injini zenye kilomita nyingi huwa na dawa ya kulainisha mpira na zinaweza kupunguza matone.

Kinachonichosha ni hili la "sinthetiki ni nyepesi kama maji". Nimebishana nalo gereji miaka mingi. Angalieni namba. Ile ya kabla ya W inahusu baridi: 5W hupimwa uwezo wa kuruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Namba ya mwisho hupimwa kwenye nyuzi 100, joto la kazi. Kwa hiyo 5W-40 ya sinthetiki na 15W-40 ya kawaida, injini ikishapata moto, ziko daraja moja la uzito. Tofauti kubwa mtaiona injini ikiwa baridi, pale oili inapokimbilia juu kwenye kamshafti, mhimili wa nundu unaofungua valvu. Mtu akitoka 20W-50 akaenda 5W-30, kisha presha ikashuka, asiisingizie sinthetiki. Kabadilisha uzito.

Chuma Chakavu
Mimi huwa namalizia mabaki, lita mbili za kawaida juu ya sinthetiki. Nimekosea?

Fundi Mstaafu
Zinachanganyika, mkuu, mradi zote ni za dizeli na uzito unakaribiana. Umepoteza tu faida uliyoilipia.

Mama Tela
Langu lina turbo, la mwaka 2001, na kazi yake ni milima na tela nyuma. Nilihamia sinthetiki baada ya kubadilisha turbo mara ya pili. Ile ya kwanza ilipofunguliwa, njia ya oili ilikuwa imejaa masizi magumu, oili imeungulia humo ndani. Turbo ikitoka mlimani ni moto mno, ukizima injini ghafla oili inasimama mle mle na kukaangika. Sinthetiki inastahimili joto hilo zaidi. Nikaongeza na nidhamu: nikifika nasubiri dakika mbili injini ikinguruma polepole ndipo nazima. Turbo ya sasa imevuka kilomita 140,000. Sasa ni oili au ni zile dakika mbili? Sijui kuzitenganisha, na sina mpango wa kuacha moja ili nijue.

Pale nilipokosea ni kwenye kuvuta muda. Nilisikia sinthetiki hudumu, nikaipeleka hadi kilomita 15,000. Ikatoka nzito, imejaa masizi, na presha ilikuwa imeanza kucheza. Injini ya zamani hupitisha moshi kwenye ringi za pistoni kwenda chini kwenye sampu, beseni la oili, na moshi huo hauulizi umeweka oili gani. Nimerudi kwenye 8,000. (Na tafadhali, oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku mbili siyo ugonjwa. Ikiwa rangi ya maziwa, hapo ndipo uogope: maji yameingia.)

Tapeti Bapa
Mniruhusu niingize la petroli. Lori la mwaka 1978, tapeti zake (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke) ni bapa, zinasuguana nayo moja kwa moja. Niliweka 5W-30 ya kisasa ya magari madogo, nzuri, ghali, sinthetiki. Baada ya mwaka ikaanza kugonga juu. Kamshafti ikatoka na nundu mbili zimelika hadi karibu kuwa duara. Shida ilikuwa zinki na fosforasi, viambato vinavyozuia chuma kulika: oili za uzito huo za magari mapya zimepunguziwa, fosforasi haizidi asilimia 0.08, ili kuilinda mitambo ya kusafisha moshi. Gari langu halina mtambo huo, lakini tapeti zake zinaitaka ile zinki. Sasa natumia 15W-40 ya kawaida yenye zinki ya kutosha, kimya kabisa. Kwa hiyo mwenye la zamani asome herufi za API (daraja la oili lililoandikwa kwenye galoni) kabla ya neno sinthetiki.

Fundi Mstaafu
Na kwa dizeli tafuta herufi C mbele: CI-4 ya mwaka 2002 au CK-4 ya 2016 zinafaa injini za nyuma. FA-4 iache, ni nyepesi, imetengenezwa kwa injini mpya. Bonetiwazi, moshi wa bluu wa asubuhi unaokata mara nyingi ni sili za valvu. Oili haijazi chuma wala mpira uliolika. Pima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Bonetiwazi
Mrejesho, wakuu. Kompresheni imepimwa, silinda zote nne zinakaribiana, ringi bado zina maisha. Sili za valvu zilikuwa zimekauka, mbili zilivunjika mkononi. Zimebadilishwa zote pamoja na gasketi ya kifuniko cha valvu. Nimebaki na 15W-40 ya kawaida, ila nimehakikisha ni CI-4. Ile ya zamani, nilipogeuza galoni, ilikuwa ya petroli! Jirani amenuna kidogo. Leo ni kilomita 900 tangu nijaze, na oili kwenye kijiti haijashuka hata robo ya nafasi kati ya alama mbili. Moshi wa asubuhi sijauona tena, ila nitaiacha ilale nje usiku wa baridi Jumamosi nione.