Mjadala: Chakula cha msibani apike nani, na kwa fedha ya nani?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili kwa heshima, maana kila nyumba litaifika. Mtaani kwetu limetugawa. Kwenye kikao cha mwezi uliopita kundi moja lilitaka tuandike sheria ndogo: msibani pawe na maji ya kunywa tu, watu wazike watawanyike. Kundi la pili likasema huko ni kumtupa marehemu, na mtu aliyetoka mbali kuja kukuzikia hawezi kurudi na njaa. Kikao kikavunjika bila muafaka. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Naanza na lililotufika. Mwaka juzi mama mdogo alifiwa na mumewe huko Muheza. Tukakaa matanga siku tatu, tukapika mchana na usiku. Siku ya kuondoa matanga akachinjwa ng'ombe, kwa sababu shemeji mmoja alisimama akasema marehemu hakuwa mtu wa kuzikiwa maharage. Daftari la rambirambi nilikuwa nalo mimi, kwa hiyo hesabu naijua. Fedha iliyochangwa haikutosha. Mchele, mafuta na mkaa uliobaki ulichukuliwa dukani kwa mkopo, na ulichukuliwa kwa jina la mfiwa. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, ameshaanza eda, hajui hata gunia la pili limefunguliwa lini.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Muda wote huo mwenye duka alikuwa akimtuma mtoto kila Ijumaa kuuliza. Mama mdogo alipotoka eda, jambo la kwanza alilofanya ni kuuza cherehani yake, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Waliokula ule wali ni watu wazuri, wengine walilia pamoja naye. Hakuna aliyekusudia kumfilisi, na bado alifilisika.

Sasa tuangalie tulikotoka. Kwetu Waislamu asili ya jambo hili iko wazi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa kwenye vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu: watengenezeeni chakula jamaa wa Jaafar, kwani limewafika la kuwashughulisha. Amri imekwenda kwa majirani. Sufuria linatoka nje ya nyumba ya msiba na kuingia ndani. Sisi tumeligeuza, linatoka ndani kwenda nje. Na sahaba Jarir bin Abdillahi amepokewa akisema kwamba wao walikuwa wakihesabu watu kukusanyika kwa wafiwa na kutengeneza chakula baada ya mazishi kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa. Kuna pia Bibi Aisha. Akifiwa na mtu wa nyumbani kwake, wanawake wakishatawanyika wakabaki jamaa na watu wa karibu, aliagiza ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa sababu alimsikia Mtume akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Uji tu, jamani. Na ulikuwa wa mfiwa, kwa ajili ya moyo wake.

Si Waislamu peke yao. Kwa Wayahudi mfiwa hatakiwi kula chakula chake mwenyewe katika mlo wa kwanza baada ya mazishi. Lazima jirani amletee, na desturi ni mayai na dengu. Kwenye Talmud yao, kitabu cha mapokeo na sheria za dini, kuna habari ambayo nilipoisoma niliirudia mara tatu. Zamani matajiri walikuwa wakipelekewa chakula cha msiba kwa vikapu vya fedha na dhahabu, maskini kwa vikapu vya fito. Maskini wakaona aibu. Ikapitishwa kuwa kila mtu, tajiri na fukara, apelekewe kwa kikapu cha fito. Na ukurasa uo huo unasimulia kwamba gharama za kuzika zilifika mahali zikawa nzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanamwacha maiti na kukimbia, mpaka Rabban Gamliel, kiongozi mkubwa, alipozikwa kwa sanda nyepesi ya kitani na watu wote wakafuata. Hayo ni ya karne nyingi zilizopita, lakini mimi nikikaa na lile daftari la Muheza nayaona kama ya jana.

Jirani zetu Waethiopia wana chama kiitwacho iddir. Watu wa mtaa mmoja wanachanga kila mwezi, wanamiliki hema lao, mabenchi, masufuria na sahani. Mtu akifiwa, chama kinasimamisha hema na wanawake wanachama wanakuja na chakula au wanapika pale pale. Mfiwa haulizwi kitu.

Hata sisi tulikuwa hivyo. Bibi yangu alikuwa akisikia kilio anafunga kanga, anachota vibaba vyake vya mchele, anachukua nazi mbili, anatoka. Babu alibeba kuni. Hakuna aliyekwenda msibani mikono mitupu, na hakuna aliyekwenda na bahasha. Mchele ulipogeuka kuwa noti, na noti ikaandikwa kwenye daftari, kila mtu akaanza kutazama sahani yake kama haki aliyoilipia. Wazee walisema kufa kufaana. Sasa anayefaa na anayefaliwa wamebadilishana viti.

Wanaotaka marufuku nawaelewa. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, kuna sehemu viongozi walizuia watu kupika na kula kwenye mikusanyiko, misiba ikiwemo, na walifanya sawa. Lakini ile ilikuwa dharura. Msiba usio na chakula kabisa unamwacha mfiwa na njaa yake mwenyewe, na aliyefiwa hana nguvu ya kuwasha moto. Msimamo wangu: chakula kiwepo, kidogo, kisitoke ndani ya nyumba ya msiba. Karibuni.

Mchangiaji (Moshi)

Mkuu, umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu wa mtaani mwenye majirani. Sisi tunasafirisha maiti. Msiba unatangazwa Dar, kamati inakaa wiki nzima, mabasi mawili yanaondoka usiku, asubuhi watu zaidi ya mia wanashuka kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba. Sasa hao majirani wa kuwapikia ni akina nani? Pande zote mbili za kwetu wamebaki wazee, wengine wanaishi na kijana mmoja wa kukata majani ya ng'ombe. Ukiwaambia hao ndio wapike, umehamisha mzigo kutoka kwa mjane mmoja kwenda kwa wajane watatu.

Tulichofanya kwenye ukoo wetu ni hiki: kamati ya mjini ndiyo inayolipia chakula cha wote wanaotoka mjini, na fedha hiyo inatengwa kabla hata jeneza halijanunuliwa. Ikipungua, wanaopanda basi wanaambiwa wabebe chakula chao cha njiani na kijijini watakunywa chai. Hakuna anayekufa kwa kunywa chai. Mwanzo tulinung'unikiwa sana, shangazi mmoja hakutusemesha mwaka mzima.

Mchangiaji (Siaya, Kenya)

Hamjambo. Mimi ni Mjaluo, na nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa hapa. Kwetu chakula cha matanga si karamu. Mzee akifa kuna tero buru, vijana wanatoka na ng'ombe kukifukuza kifo, na wanaporudi boma haliwezi kuwa baridi. Wakwe wanakuja na ng'ombe wao, na namna unavyowapokea na kuwalisha ndiyo namna unavyosema kwamba undugu haujafa pamoja na mtu. Ukiondoa hilo umebakisha shimo na udongo.

Mwaka 2020 wakati wa korona serikali yetu iliruhusu watu 15 tu kwenye mazishi. Baba yangu mdogo tulimzika kabla ya saa sita, hapakuwa na moto wala moshi. Ilikuwa rahisi, sikatai, hatukukopa shilingi. Lakini hadi leo mama yangu anapopita pale kaburini anasema, "Huyu hatujamzika bado." Hesabu ya daftari haiwezi kulionyesha jambo hilo.

Nakubali mjane asikope. Hapo tuko pamoja. Ila msituambie kwamba ng'ombe ni fahari tupu.

Mchangiaji (Bukoba)

Mimi ni wa marufuku. Nimekaa kamati za misiba muda mrefu na kila mwaka tunakubaliana "chakula kiwe kidogo", na kila mwaka anasimama mtu mmoja mwenye sauti, kama huyo shemeji wa Muheza, na kidogo kinakuwa ng'ombe. Bila sheria yenye faini, maneno haya tutayarudia mpaka tuzikwe sisi.

Mchangiaji (Temeke)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanamke na nimepika misiba mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimesoma wote, mmezungumza fedha, dini, ng'ombe na mabasi. Hamjazungumza mikono.

Nani anaosha yale masufuria? Ukoo ukifiwa, wanaume wanakaa chini ya turubai. Binti wa marehemu, wakwe wake na dada zake wako nyuma ya nyumba tangu alfajiri, macho mekundu, hujui kama ni kilio au moshi. Niliwahi kupika msiba wa baba mmoja, binti yake alikuwa anachambua mchele wakati jeneza linatolewa ndani. Aliinuka na ungo mkononi. Mtu mmoja akamwambia, "Weka ungo, nenda kamuage baba yako." Alikuwa amesahau kuuweka. Na mfiwa mwenyewe, mjane, nimeona kwa macho yangu akifuatwa chumbani kuulizwa chumvi iko wapi.

Kwa hiyo mimi jambo la kwanza naona ni kwamba aliyefiwa na damu yake wasiguse mwiko. Hata kama fedha zipo. Hata kama ng'ombe wapo kumi. Kaka wa Siaya, nakuheshimu, heshima ya wakwe ni nzuri, lakini tuulize pia inapikwa na nani. Na wanaume waoshe vyombo. Karo la maji halina jinsia.

Kuhusu marufuku, kaka wa Bukoba, mtaa niliokuwa nikiishi zamani walijaribu kukubaliana kutopika. Watu hawakuacha kula. Waliofahamika kuwa na uwezo walipikiwa ndani kwa siri, wageni wa kawaida wakabaki nje na maji. Siwezi kuusahau ule utengano, ulikuwa mbaya kuliko ubwabwa wowote.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, na nakiri dada wa Temeke amenigusa mahali ambapo sikuwa nimefikiria. Nimeandika habari ndefu kuhusu daftari na sikuandika mstari mmoja kuhusu waliokuwa jikoni, na binamu yangu, binti wa marehemu yule, alikuwa jikoni siku zote tatu. Nilimpigia simu jana usiku kumuuliza. Akaniambia hakumbuki mazishi ya baba yake, anakumbuka tu kwamba nazi ziliisha.

Ndugu wa Siaya, nimekuelewa, na neno la mama yako sitalibishia. Tofauti tuliyonayo ni ndogo kuliko ilivyoonekana: ng'ombe aliyeletwa na wakwe ametoka nje ya boma la msiba, ambacho ndicho ninachokiomba. Tatizo langu ni ng'ombe aliyechukuliwa kwa ahadi, na anayeahidiwa kulipa ni mtu aliyelala chumbani hajitambui.

Wa Bukoba, shemeji mwenye sauti ninamjua, tumezaliwa naye. Nafikiri dawa yake ni ile ya vikapu vya fito: mtaa ukubaliane chakula kimoja kwa misiba yote, cha mwenye ghorofa na cha mpangaji, ubwabwa na maharage, ili asiyechinja asionekane amemdharau marehemu wake. Faini mimi naiogopa, kwa sababu atakayetozwa ni nyumba ile ile iliyofiwa.

Kikao chetu kinarudiwa Jumapili baada ya swala ya alasiri. Nitapeleka hoja tatu. Hakuna mkopo wa duka kwa jina la mfiwa, na atakayekwenda dukani aandikwe yeye. Masufuria mawili makubwa na sahani za mtaa vinunuliwe kwa mchango wa kila mwezi, kama wafanyavyo wale wa iddir. Na hoja ya dada wa Temeke, neno kwa neno: wenye damu wasiguse mwiko.

Mkuu wa Moshi, naomba kama unaweza uniandikie hapa mlivyoipanga ile kamati yenu, hasa nani anashika fedha ya chakula na inatengwa siku ya ngapi. Kwetu pia wapo wanaosafirisha, na Jumapili wataniuliza.