Mchoro wangu wa wiki tatu umegeuzwa sahani ya chapati

Wanajukwaa, naandika mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule bwana mnamjua. Kila aliyefanya mafunzo katika kituo kile cha kupozea umeme anamjua, yeye na kikombe chake cha bati. Leo saa nne asubuhi ameutandaza mchoro wangu mezani, akaweka juu yake chapati mbili, akala.

Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, na haya ndiyo mafunzo yangu ya mwisho kwa vitendo: wiki nane, ambazo tano zimekwisha nikiwa mfuata chai wa kituo kizima. Safari zangu za kwa mama ntilie zingekwisha kunifikisha Kigoma kwa miguu. Hata hivyo, kila jioni nilibaki nikifuatilia nyaya, tangu kilovolti 33 zinapoingia hadi 11 zinapotoka, nikachora kila swichi kwa penseli, kwa kuwa mchoro huo ndio kiini cha ripoti yangu, na alama zake zinaingia katika GPA (wastani wa alama za chuo) ninayoipigania ifike 4.4, daraja la kwanza. Naye akaweka chapati! Mafuta yalianzia penye transfoma yakasambaa hadi kwenye fyuzi, nami nimesimama na birika mkononi. Nilipomwambia, "Samahani mzee, huo ni mchoro wangu," alijibu kwamba karatasi ni karatasi. Chapati, jamani, juu ya transfoma!

Fundi Mkongwe: Pole, mdogo wangu, lakini mhandisi gani huacha mchoro wake wa pekee kwenye meza ya chai bila nakala?

Binti wa Mitambo: Wewe angalau umeiona transfoma. Mimi nilikabidhiwa fyekeo, na kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku kikasainiwa chote kwa mkupuo mmoja, wiki zote nane, na mtu ambaye hakuwahi kuniuliza jina.

Mwaka wa Pili: Nyinyi mmepata pa kwenda. Mimi nimepeleka barua 11, zimejibiwa mbili, na nafasi iliyobaki amepewa mpwa wa mkubwa, anayesomea uhasibu.

Zege Bichi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwatuza wahitimu bora katika Siku ya Wahandisi. Watapatikanaje kama nafasi zinagawiwa wapwa?

Binti wa Mitambo: Kumbe ni kila mahali! Mpwa wa kwetu alipewa kofia ngumu mpya, mimi nikavaa iliyopasuka.