Mrejesho: Ramani yangu ya gemu iliyouzwa na mtu mwingine

Wakuu, niliuliza kama naweza kumdai jamaa aliyechukua ramani (uwanja wa kuchezea) niliyoitengeneza ndani ya gemu akaiuza. Nimeshinda nusu. Mkataba wa gemu, ule tunaoukubali bila kusoma (mimi wa kwanza), unakataza kuuza chochote kilichotengenezwa kwa zana zao. Nikawaandikia wenye gemu, ikaondolewa. Fidia sipati, maana mkataba huohuo umewapa wao haki za ramani.

Aliyenitajia kesi ya kampuni ya Micro Star ya Marekani, 1998, asante: waliuza CD ya ramani 300 za wachezaji wa Duke Nukem 3D, mahakama ya rufaa ikasimama na wenye gemu.

Muziki wa ramani niliutunga nje ya gemu. Huo nitaudai.