Nyumba za mawe Amu: chokaa na makuti, au saruji na mabati?

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Jana baada ya alasiri tulikuwa barazani Langoni, mtaa wa hapa Amu (mji wa Lamu), likazuka neno la nyumba ya jirani iliyoezuliwa makuti ikaezekwa mabati, na kuta zake zikapigwa lipu ya saruji. Wazee wakasema mji unaharibiwa. Vijana wakajibu kwamba mwenye nyumba ana haki ya kulala bila hofu ya moto. Tuliachana hatujaafikiana, kwa hiyo nauleta mjadala hapa, na msimamo wangu nautoa mapema. Mabati nayakubali kwa sharti. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe siikubali hata kidogo.

Nianze na ukuta, maana ndio unaosahauliwa. Ukuta wetu una unene wa karibu dhiraa nzima, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na jiwe lenyewe limejaa vitundu vya hewa. Jua huupiga mchana kutwa, joto likaingia polepole, na kabla halijafika ndani magharibi imeshaadhiniwa. Usiku upepo wa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, hulichukua lililobaki. Ingia nyumba isiyochezewa saa nane za mchana mwezi wa tatu, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, uweke kiganja ukutani. Utaukuta baridi.

Tena chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na chumvi yake hupata njia, ukatoka, ukakauka. Saruji huufungia ndani. Haya siyasemi kwa kusikia. Msana wa tini, yaani ukumbi mrefu ulio karibu na kiwanda, wa nyumba ya mamangu tuliupiga saruji, fundi mmoja alipotuambia chokaa ni mambo ya zamani. Mwaka wa kwanza ulipendeza. Mwaka wa pili ukuta ukaanza kutoa unga mweupe wa chumvi, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kama mtungi mtupu. Mwaka wa tatu kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka usiku, shubiri mbili kutoka kitanda cha mamangu. Tulipobandua, mawe yalikuwa yamelowa, na vichwa vya boriti mbili vilivyoingia ukutani vimeoza. Maji ya mvua yalipenya kwenye ufa wa saruji, yakakosa pa kutokea. Nilibonyeza boriti kwa kidole gumba ikamumunyuka kama mkate uliochovywa chai. Joto nalo lilikuwa limezidi, wala hatukujua kwamba tumelinunua kwa pesa zetu.

Dada yangu aliolewa Uingereza, anakaa nyumba ya mawe ya zamani. Shida yao ni baridi, sisi joto, lakini ukuta ni ule ule. Fundi wao aliwabandulia saruji yote, akarudisha chokaa, ndipo akatandaza sufu nene juu ya dari ili joto la ndani lisipotee. Angeziba ukuta ukiwa na maji, angewafungia ukungu ndani.

Sasa paa. Makuti ni baridi kwa sababu yamepangwa tabaka juu ya tabaka, na hewa ya moto hujipenyeza ikatoka. Lakini moto nao ni kweli. Vichochoro vyetu punda wawili hawapishani, kuti moja likishika mtaa mzima unahama. Na makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Boriti za mikoko nazo si za kutegemea kila siku: mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, hata wakata mikoko wetu walizuiwa, ilhali sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii hii. Kwa hiyo simlaumu anayechagua mabati.

Sharti langu ni hili: dari ya kale ya boriti na chokaa isivunjwe. Mabati yakae juu yake kama mwavuli, kimo cha mtu kusimama, pande ziachwe wazi upepo upite, na yapakwe rangi nyeupe. Wanaoumia ni waliovunja dari wakalala chini ya bati tupu. Mchana wanakaangwa, usiku linalia tak-tak likipoa.

Najua kuna watakaosema mji uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na bati linaharibu sura yake ukiutazama kutoka baharini. Sura naipenda, nimezaliwa nayo. Lakini tunagombana sana juu ya kinachoonekana kutoka jahazini, na saruji inayoila nyumba kwa ndani hatuigusi. Mimi ningependa kaunti ianze na chokaa, impunguzie bei mwenye nyumba, na vijana walipwe wajifunze kuipiga.

Hoja inayonisumbua kweli ni kuni. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwa magogo mengi, na ya baharini hatutaki yaguswe. Ya nchi kavu tunayo, yanachimbwa Maweni, kisiwani Manda. Moto je, uwashwe kwa nini? Vifuu vya nazi vitatosha? Aliyewahi kukaa na wachoma chokaa atueleze. Na aliyetandika makuti juu ya mabati aseme yamedumu kaskazi ngapi.