Petroli ikipita elfu tatu: nibaki na gari, nifunge mfumo wa gesi au nirudi kwenye mabasi ya mwendokasi? Tulinganishe

Mbezi_kwa_Yusufu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nakaa Mbezi kwa Yusufu, kazini ni Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Nina Toyota IST ya cc 1300, na kwa foleni ya Morogoro Road lita moja inanipa kilomita 10 hivi.

Nyumbani kwetu Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotoa bei kikomo, ndiyo siku ya kupanga upya matumizi. Mnakumbuka tulikotoka: Mei 2022 lita kwa Dar ilifika 3,148, Agosti mwaka huohuo ikawa 3,410, na hapo serikali ilikuwa imeshaweka ruzuku. Ikashuka, tukapumua, halafu Oktoba 2023 ikawa 3,281. Siku hizi natumia 3,000 kama namba ya kupigia hesabu: lita nne kwa siku ni 12,000, kwa siku 22 za kazi ni 264,000. Hapo sijagusa maegesho, oili wala matairi.

Mke wangu anasema tufunge mfumo wa gesi. Shemeji anasema niuze gari ninunue pikipiki. Mimi mwenyewe nafikiria kuliacha nyumbani nipande mwendokasi. Nina mtoto wa darasa la tatu wa kumshusha shule njiani, msisahau hilo. Naomba hesabu za watu wanaoziishi.

Dereva_Mtandaoni

Mkuu, mimi natumia gesi na ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nikueleze vizuri.

Kilo moja ya gesi asilia ni kama 1,550, na kilo hiyo inakupeleka umbali ambao petroli ingehitaji karibu lita moja na nusu. Mimi natembea kilomita 150 kwa siku. Kwa petroli hiyo ni lita 15, yaani 45,000. Kwa gesi ni kilo 10, yaani 15,500. Tofauti inakaribia elfu 30 kila siku ya Mungu, na hiyo ndiyo hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari. Zamani nilikuwa namaliza siku nzima kulipa sheli na tajiri, cha nyumbani kinabaki cha kuokoteza. Kufunga mfumo kwa gari dogo andaa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, inategemea mtungi na mfumo wenyewe. Kwa mwendo wangu pesa hiyo inarudi ndani ya miezi mitatu.

Sasa njoo kwako. Kilomita 40 ni kilo mbili na nusu na kitu, kama 4,100 kwa siku. Unaokoa hivi 170,000 kwa mwezi, kwa hiyo milioni mbili zako zitarudi baada ya mwaka mzima. Si mbaya, lakini usidanganywe na hesabu ya dereva wa teksi. Yangu si yako.

Halafu kuna foleni ya kujaza. Vituo vimeongezeka: Ubungo, Tazara, njia ya uwanja wa ndege, na kile cha shirika la mafuta la taifa, TPDC, barabara ya Sam Nujoma. Lakini magari na bajaji vimeongezeka zaidi ya vituo. Mimi huenda usiku wa manane, wakati watu wamelala. Wewe unayeingia ofisini saa mbili asubuhi utaenda saa ngapi? Na mtungi wa lita 60 unabeba kilo 10 au 11 tu, kwa hiyo ndani ya wiki utakwenda kujaza angalau mara moja. Saa zile za foleni ziweke kwenye hesabu, nazo ni pesa.

Fundi_Mfumo

Naongezea upande wa karakana, kwa sababu hapa watu wanaumia.

Usikubali fundi wa uchochoroni akufungie mtungi asioujua ulikotoka. Gesi ile inakaa kwa mgandamizo wa bar 200, si kitu cha kujaribia. Dai mtungi wenye namba na tarehe ya kupimwa, dai cheti cha ufungaji, na uulize mtungi unapimwa tena lini. Chuo cha teknolojia cha DIT wamekuwa wakifunga mifumo hii kwa miaka mingi, na karakana zilizoidhinishwa zipo. Na nawaomba sana: mtungi wa gesi ya kupikia usiwekwe kwenye gari. Ile ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na kusubiri cheche. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda juu na kutawanyika. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nguvu ya injini inapungua kidogo, utaihisi kwenye mlima. Gari linawaka kwa petroli kwanza, likipata moto linahamia gesi, kwa hiyo tenki la petroli halitakiwi kukauka. Buti lako nalo sehemu kubwa limekwenda. Kama Jumamosi unabeba magunia, fikiria hapo.

Kimara_Kivukoni

Mimi niliacha gari nyumbani, napanda mwendokasi kutoka Kimara. Kwa pesa hakuna cha kulinganisha: hata ukijumlisha daladala ya kukutoa kwako, hukaribii 12,000 kwa siku. Asubuhi njia yake iko wazi wakati magari madogo yamesimama. Tatizo lako ni mtoto. Daladala nyingi hazimtaki mwanafunzi kwa sababu analipa 200, na kadiri mafuta yanavyopanda ndivyo konda anavyomkwepa. Nawaona kila siku wamesimama kituoni na mabegi yao, gari la tatu linapita, la nne linapita. Kama utaacha gari, mtafutie kwanza mtoto usafiri wa uhakika.

Boda_Tegeta

Kaka, shemeji yako ana hoja. Pikipiki ya cc 125 lita moja inakwenda kilomita 40 na ushee, kwa hiyo safari yako yote ni lita moja. Lakini mimi niliye barabarani kila siku nakwambia ukweli: Morogoro Road kwa pikipiki, asubuhi, na mtoto mbele yako kwenye tenki? Usifanye hivyo. Pesa utakayookoa haitoshi kulipa mguu uliovunjika. Kama ungekuwa peke yako na njia za ndani, ningesema nunua.

Kwetu sisi tatizo ni jingine. Lita ikipanda 200, abiria wa elfu moja hakubali kulipa elfu moja na mia mbili. Anashuka, anatembea. Tunachofanya ni kukaa kijiweni tukisubiri badala ya kuzunguka kutafuta.

Mama_Genge

Wanangu, nimewasoma wote tangu juu. Mnalinganisha vizuri, lakini mnaongea kama mafuta ni ya wenye vyombo vya moto. Mimi sina hata baiskeli, na hakuna wiki nisiyolipa dizeli.

Nyanya zangu zinatoka Ilula, Iringa. Zinakuja na Fuso mpaka soko la Ilala. Dizeli ikipanda, mwenye Fuso anaongeza nauli ya tenga, dalali anaongeza ya kwake, mwenye guta naye anasema maisha yamepanda ingawa guta lake anasukuma kwa miguu. Na simlaumu, kwa sababu unga anaokula nao ulisafirishwa. Tenga linafika gengeni kwangu limeshapandishwa na watu wanne. Wateja wangu ni wa fungu la 500. Bei ya fungu siwezi kuigusa, wataondoka. Ninachogusa ni idadi: palipokuwa na nyanya tano naweka tatu. Mama anayekuja na watoto sita ananitazama usoni, ananunua mafungu mawili, anaacha vitunguu. Ndiyo jinsi bei ya mafuta inavyoingia kwenye sufuria ya mtu ambaye hajawahi kushika pampu.

Na mimi mwenyewe kwenda sokoni alfajiri: nauli ya safari fupi ilikuwa 400, mwaka 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Mzigo unalipiwa nauli yake. Tumeanza kwenda wanne kwa zamu: mmoja ananunua kwa ajili ya wote na tunachangia Toyo moja, ile pikipiki ya magurudumu matatu, kuleta mizigo. Inasaidia kuliko chochote nilichosoma hapa. Wewe mwanangu wa Mbezi, hapo mtaani kwenu hakuna wanaokwenda Posta asubuhi hiyohiyo?

Mwalimu_Kyerwa

Shikamoo mama. Umesema jambo kubwa.

Niongeze la huku Kyerwa, mkoani Kagera. Kwenye jedwali la EWURA, Kyerwa mara nyingi ndiyo yenye bei ya juu kuliko wilaya zote, kwa sababu mafuta yanapakiwa Dar na kuvuka nchi nzima kutufikia. Gesi ya magari kwetu ni hadithi, hakuna kituo. Mwendokasi hakuna. Kulinganisha kwetu ni pikipiki au miguu.

Wazazi wamehamisha watoto wa sekondari kutoka kutwa kwenda kupanga vyumba karibu na shule, kwa sababu boda ya kila siku haiwezekani, na mnajua hatari ya binti wa miaka 14 kupanga peke yake. Mashine ya kusaga kijijini ni ya dizeli, ikipanda bei ya kusaga debe inapanda. Mgonjwa akizidiwa usiku, kwanza watu wanachangishana pesa za mafuta, ndipo safari inaanza. Ninaomba wanaopanga ruzuku na tozo wasome jedwali lile kutoka chini kwenda juu.

Kilwa_Masoko

Gesi mnayojaza Ubungo inatoka hapa Songo Songo tangu 2004, na Mnazi Bay kule Mtwara, bomba likaja huko kwenu 2015. Bodaboda wa kwetu anaweka petroli. Vituo vya gesi vije kusini pia, ndicho ninachotaka kisikike.

Nduthi_Kasarani

Wadau, niko Nairobi. Huku EPRA, ambayo ni kama EWURA yenu, hutangaza bei tarehe 14 kila mwezi. Mwaka 2023 ulitumaliza: Julai VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, Septemba petroli ikafika shilingi 211.64 za Kenya kwa lita, Oktoba 217.36. Tofauti yetu na nyinyi ni kwamba nauli ya matatu haipangwi na serikali. Mafuta yakipanda, nauli inapanda jioni hiyohiyo. Yakishuka, hakuna anayekumbuka. Kwa hilo LATRA yenu inayopanga nauli ina faida, hata kama inawauma wenye daladala.

Mimi nilihamia nduthi, yaani pikipiki, ya umeme, ile ya kubadilisha betri. Kwa siku nabaki na pesa zaidi kuliko nilipokuwa wa petroli, na sibadilishi oili. Ubaya ni kwamba umefungwa na vituo vya kubadilishia. Mteja akitaka kwenda Machakos namwachia mwenzangu wa petroli.

Mbezi_kwa_Yusufu

Shikamoo Mama Genge, na asanteni wote.

Nimekaa na mke wangu tukapitia. Pikipiki tumeitoa. Gesi kwa kilomita zangu inarudisha pesa baada ya mwaka, na milioni mbili taslimu sina; nikikopa, riba itakula nilichookoa. Swali la mama ndilo lililonigusa. Jana nimegonga mageti. Wapo watatu wanaokwenda mjini saa hizohizo, mmoja ana Passo. Tumekubaliana kuanza Jumatatu: wiki moja gari langu, wiki inayofuata lake, mafuta tunagawana wanne. Kwa hesabu ya 12,000 kila mmoja anatoa 3,000 kwa siku, na mtoto anashuka shuleni kama kawaida. Wiki ya Passo mwenzangu amekubali kupita shuleni.

Fundi, swali moja: tukija kuchanga wanne kufunga gesi kwenye gari moja, hilo gari la kubeba watu wanne kila siku litaweza na mtungi huo, au tutafute chombo kikubwa zaidi?

Fundi_Mfumo

Litaweza. Mtungi wa lita 60 na fremu yake andaa kilo 70 hivi, ni kama umeongeza abiria mmoja. Kagua springi za nyuma na shokapu kabla ya kufunga, si baada. Lakini kabla ya kuchanga andikianeni: gari ni la nani, mfumo ni wa nani, na mmoja akihama Mbezi anarudishiwa kiasi gani. Nimeshaona majirani wakigombania mtungi kwenye geti la karakana.