Bleach: nimefika juzuu ya 30, wahusika nawapenda ila mapigano yananichosha

Mgeni wa Seireitei (mleta mada)

Wakuu, naomba ushauri wa waliomaliza manga (hadithi ya katuni za Kijapani) ya Bleach ya Tite Kubo. Sehemu ya Soul Society (ulimwengu wa roho) ilinishika kweli kweli: Rukia, Renji, Byakuya, hata Kenpachi, kila mmoja ana uzito wake. Tangu waingie Hueco Mundo (ulimwengu wa mapepo) ni pigano juu ya pigano. Adui anaeleza nguvu zake, mwenzake anatoa nyingine aliyoificha, na kurasa zinabaki nyeupe. Je, huko mbele wahusika wanarudishiwa nafasi, au juzuu 44 zilizobaki ni hivi hivi? Kama kuna pa kuruka, niruke wapi? Tafadhali msinifichulie mwisho.

Kalamu Nyeusi

Mkuu, usiache hapo. Juzuu ya 30 yenyewe inajibu swali lako: pigano la Rukia na adui Aaroniero lina maana kwa sababu uso ulio mbele yake ni wa Kaien, mtu aliyemfundisha moyo unakaa wapi. Kubo akiwa katika ubora wake, pigano kwake ni mazungumzo kati ya watu wawili. Akichoka, yanabaki mapanga tu.

Chanzo cha tatizo ni hesabu. Kuna vikosi 13 vya Soul Society, kila kimoja kina kapteni na msaidizi wake, kisha wanakuja Espada 10 (wapiganaji wakuu wa Aizen, adui wa Hueco Mundo), na kwenye vita vya mwisho wanakuja Sternritter, askari wa adui mwingine, ambao kila mmoja amepewa herufi. Wote wanadai pigano lao na siri yao, ilhali sura ya wiki kwenye jarida la Shonen Jump haifiki kurasa 20. Kubo aliibeba kazi hii kuanzia Agosti 2001 hadi Agosti 2016, sura 686. Lazima wengine wapunjwe.

Kwa hiyo soma kwa kasi mbili. Pigano la Espada wa daraja za chini usipolifurahia, pitia haraka, usome maneno na kumbukumbu za zamani tu. Ukifika juzuu ya 36 punguza mwendo. Hapo sura zinaanza kuhesabiwa kwa namba hasi, kuanzia -108 hadi -97: ni hadithi ya miaka 110 hivi nyuma, inayomhusu Urahara, Yoruichi, Hirako na Aizen akiwa bado msaidizi wa kapteni. Ukiziruka sura hizo 12, chuki ya Hirako kwa Aizen huko mbele haitakugusa hata kidogo. Juzuu za 40 na 41 nazo, pigano la Ichigo, shujaa wa hadithi, na Espada Ulquiorra, usiziguse ukiwa na haraka.

Na usipite shairi fupi linalofungua kila juzuu. Mara nyingi linasemwa kana kwamba ni sauti ya mhusika aliye kwenye jalada.

Mzee wa Juzuu

Nakubaliana na Kalamu kwa sehemu kubwa, ila tusimdanganye ndugu yetu: kasoro za Bleach zinawala wahusika wenyewe. Sado, rafiki wa Ichigo, ndiye mfano mbaya kuliko wote. Anapewa nguvu mpya Hueco Mundo, anashinda pigano moja, kisha Espada Nnoitra anamwangusha papo hapo, na tangu siku hiyo hakurudi kuwa nguzo ya hadithi. Nguvu za Ichigo zinapanda kwa kurukaruka, na marafiki zake wa kibinadamu hawana bankai (nguvu ya juu kabisa ya upanga) ya kuwasaidia kumfuata. Orihime naye anabaki kuokolewa muda mrefu mno, wakati uwezo wake wa kukanusha jambo lililokwisha kutokea ni miongoni mwa nguvu za ajabu zaidi kwenye manga nzima. Hilo linauma.

Kama unampenda Kenpachi, basi vumilia hadi vita vya mwisho, vinavyoanza juzuu ya 55. Pigano lake na Unohana ndilo kilele cha mhusika huyo. Ila juzuu tatu au nne za mwisho zina haraka inayoonekana wazi, na sababu za Ishida zinaelezwa kwa maneno machache mno.

Kalamu Nyeusi

Kuhusu Sado sina utetezi. Kurasa nyeupe ninazitetea: Kubo akiondoa mandhari, jicho lako halina pa kwenda ila usoni mwa mhusika. Tazama tena Byakuya anapomweleza Rukia habari za Hisana, mkewe marehemu.

Fundi wa Anime

Ukitaka kupumzika na kitabu, anime (katuni ya televisheni) ya 2004 hadi 2012 ina epizodi 366, lakini nyingi hazimo kwenye manga. Ruka 64 hadi 108, 168 hadi 189 na 317 hadi 341. Zile za 230 hadi 265, ambapo mapanga yanaasi, hazimo pia, ila kwa mpenda wahusika zinafaa, maana roho za mapanga zinapata sura na sauti.

Vita vya mwisho vilianza kuoneshwa Oktoba 2022, Kubo mwenyewe akisimamia, na vimeongezwa mambo ambayo manga haikuyaonesha, kama bankai ya Senjumaru. Soma juzuu 55 hadi 74 kwanza, halafu utazame, uone mapengo yaliyozibwa. Hisagi, mmoja wa wasaidizi wa makapteni, akikukosha, tafuta riwaya tatu za Ryohgo Narita, kwani bankai yake imo humo.

Mgeni wa Seireitei

Shukrani wakuu. Sehemu ya Fullbring je, niisome?

Mzee wa Juzuu

Isome. Ni juzuu 49 hadi 54 tu, na bila hizo humwelewi Ginjo wala uamuzi wa Ichigo juu yake. Kama unanunua toleo la Kiingereza, masanduku yake yamegawanywa vizuri: la kwanza 1 hadi 21, la pili 22 hadi 48, la tatu 49 hadi 74. Wewe uko katikati ya la pili, ndilo gumu kuliko yote.